Kaya, Msikiti na Kanisa: Kwa Nini Dini za Kitabu Zilidumu katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Utangulizi

Mwislamu wa Mambrui anapomaliza sala yake humshukuru Mwenyezi Mungu. Mkristo wa Rabai anapopiga magoti humwita Mwenyezi Mungu. Mzee wa kaya, anapoinua mikono kuomba mvua, humwita Mulungu. Majina haya yana shina moja, na shina hilo ni la Kibantu. Halikuletwa na jahazi kutoka Uarabuni wala na merikebu kutoka Ulaya. Pamoja na hayo, kati ya watu hawa watatu ni yule wa tatu ambaye wafuasi wake wamepungua kizazi baada ya kizazi. Hapo ndipo linapozuka swali la makala hii: ikiwa jina la Mungu ni la wenyeji, mbona njia za kumwendea zilizodumu ni zile zilizotoka ng'ambo?

Swali hili ni tawi la swali kubwa zaidi ambalo wanahistoria wa dini wamelijadili kwa muda mrefu, yaani kwa nini dini za Ibrahimu (Uyahudi, Ukristo na Uislamu) ziliishi ilhali dini za Misri ya kale, za Wayunani na za Warumi zilitoweka. Aghalabu mjadala huo huishia katika nchi zilizo kandokando ya Bahari ya Kati. Makala hii inauleta nyumbani, katika ukanda wa Malindi na Kilifi, ambako misikiti ya kale, vituo vya misheni na misitu ya kaya vinapatikana katika eneo moja. Hoja inayotetewa ni kwamba dini za kitabu zilidumu kwa sababu zilibebeka na zilimpokea yeyote. Kwamba sifa hizo hazikutosha mpaka dini ilipopata lugha na walimu wa mahali. Na kwamba ushindi wenyewe haukuwa kamili, kwani lugha ya Kiswahili ingali inashuhudia yaliyokuwapo kabla.

Yafaa itanguliwe kusemwa kuwa kudumu kwa dini si uthibitisho wa ukweli wake, wala kufifia kwa nyingine si uthibitisho wa uongo wake. Hilo ni suala la imani. Linalochunguzwa hapa ni suala la historia na lugha.

Dini ya mahali na dini ya kubebeka

Jamii tisa za Mijikenda, yaani Wagiriama, Wadigo, Warabai, Wachonyi, Waduruma, Wakambe, Waribe, Wajibana na Wakauma, husimulia kwamba zilitoka Shungwaya na kujenga makazi yenye ngome katikati ya misitu minene. Makazi hayo ndiyo kaya. Ndani ya kaya kulizikwa fingo, yaani kago la kuilinda jamii. Palikuwa na moro, mahali ambapo wazee wa kambi waliketi kuamua mashauri. Na palikuwa na makaburi ya waasisi. Mulungu alijulikana kuwa mkuu, naye alihusishwa na mbingu na mvua, lakini hakuwa na hekalu lake. Waliokuwa karibu na watu ni koma, yaani roho za wazee waliotangulia. Kwa Wagiriama, mzee wa chama cha Gohu alipofariki alichongewa kigango, nguzo ya mti iliyosimamishwa ili koma wake apate kikao miongoni mwa walio hai. Kigango kikishasimamishwa haking'olewi.

Katika maelezo hayo mna nguvu ya dini hii, na mna udhaifu wake pia. Nguvu yake ni kwamba ardhi, ukoo, sheria, tiba na ibada vilikuwa kitu kimoja. Mtu hakuhitaji kuulizwa anaamini nini, kwani kuzaliwa kwake kulikuwa jibu. Udhaifu wake ni kwamba kila nguzo yake ilisimama mahali mahususi na juu ya watu mahususi. Maarifa yake makuu yalikuwa siri ya wazee waliopanda ngazi za rika kwa viapo na gharama. Hayakuandikwa, na hayakukusudiwa kusomwa na kila mtu. Mzee alipofariki kabla hajarithisha, sehemu ya dini ilizikwa pamoja naye.

Tofauti kati ya dini ya namna hii na dini ya kubebeka huonekana wazi tukilinganisha magofu mawili. La kwanza ni Gedi, kusini mwa Malindi. Mji huu wa Waislamu ulikuwa na msikiti mkuu, jumba la mtawala na makaburi ya mawe, mojawapo likiwa na tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Kufikia karne ya 17 mji ulihamwa, na miti ikaota ndani ya mihirabu. Gedi ilikufa, lakini Uislamu wa watu wa Gedi haukufa. Waliohama waliondoka na sala zao vifuani, na popote walipofika waliweza kuutafuta upande wa kibla wakaswali. Hali kadhalika, msahafu ukipotea hutafutwa mwingine. Maneno ni yale yale.

La pili ni Kaya Fungo ya Wagiriama. Katika miaka ya 1913 na 1914, Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola waliwakusanya Wagiriama hapo ili kuipinga serikali ya Kiingereza iliyotaka kodi, vibarua na ardhi. Wanawake walikula kiapo cha mukushekushe, wanaume wakala kiapo cha fisi. Viongozi hao wawili walikamatwa na kupelekwa mbali, Kisii, nao wakatoroka na kurudi kwao. Mnamo Agosti 1914 serikali iliilipua kaya hiyo kwa baruti. Waingereza hawakuwa wakibomoa makazi tu, kwani tangu karne ya 19 Wagiriama wengi walikuwa wamekwisha kutawanyika kutafuta mashamba kuelekea mto Sabaki. Walikusudia kukibomoa kitovu cha viapo. Walikuwa wameelewa kwamba dini yenye kitovu kimoja ardhini yaweza kushambuliwa kwa kukishambulia kitovu hicho.

Ulinganisho wa tatu unatoka mbali, lakini unaangaza hoja. Mwaka 70 Warumi waliliteketeza hekalu la Yerusalemu, ambalo kwa Wayahudi wa wakati huo lilikuwa mahali pekee pa kutolea kafara. Kwa hesabu ya kawaida Uyahudi ungalikoma. Haukukoma, kwa sababu waalimu wake waliihamisha ibada kutoka madhabahu hadi kwenye Maandiko, sala na sinagogi. Wagiriama nao walirudi Kaya Fungo baada ya 1914 na matambiko hayakukatika kabisa. Lakini hapakuwa na maandiko ambayo kijana aliyekwenda kufanya kazi ya kuli katika bandari ya Mombasa angeweza kuyachukua katika furushi lake. Alipokwenda, kaya ilibaki nyuma.

Kitabu peke yake hakitoshi

Mtu anaweza kuhitimisha upesi kwamba kitabu ndicho siri ya kudumu. Malindi yenyewe yamkanusha. Vasco da Gama alifika hapo mwezi wa Aprili 1498, akapokewa vyema na mtawala, na nguzo ya msalaba iliyosimamishwa na Wareno ingali ikitazama bahari. Mwaka 1542 Francis Xavier alipita Malindi akielekea India. Katika barua yake alisimulia kwamba Mwislamu mmoja wa mji huo alimlalamikia kuwa kati ya misikiti 17 ni mitatu tu iliyokuwa ikiswaliwa. Mtazamaji wa siku hiyo angeweza kutabiri kwamba Uislamu wa Malindi ulikuwa ukizimika na kwamba zamu ilikuwa ya Ukristo.

Mambo yalikwenda kinyume. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na mtawala wa Malindi akahamia Mombasa. Yusuf bin Hasan, wa ukoo huo huo wa Malindi, alilelewa Goa, akabatizwa Jerónimo Chingulia na kurudishwa kuwa mfalme. Mwaka 1631 aliurudia Uislamu na kuwaua Wareno waliokuwamo ngomeni. Ngome yenyewe ilitekwa na Waomani mwaka 1698. Kwa muda wa karne mbili Wareno walikuwa na kitabu, mapadri na mizinga. Hawakuacha jumuiya ya Wakristo yenye mizizi katika pwani hii. Dini yao ilisimama juu ya mamlaka ya wageni, nayo ilianguka na mamlaka hayo.

Lugha imeiweka hukumu hiyo kwa namna ya ajabu. Kutokana na Kireno, Kiswahili kilipata neno padri. Lakini neno la Kireno la kanisa, igreja, ndilo ambalo wanaleksikografia hulihusisha na neno gereza. Nyumba ya ibada ya Wareno iliingia katika Kiswahili kwa maana ya nyumba ya kufungia watu. Mahali pa sala paliitwa kwa neno lenye asili ya Kiarabu, kanisa, ambalo Wakristo wa baadaye walilikuta tayari.

Nje ya pwani hii upo mfano mwingine. Dini ya Mani, iliyoanza katika karne ya tatu, ilikuwa na vitabu na wahubiri waliofika hadi Uchina, lakini leo haina jumuiya hai. Kwa hiyo kitabu ni sharti la lazima, lakini si sharti linalotosheleza.

Lugha, walimu na waliokuwa nje ya ukoo

Uislamu ulikuwa umefanya zamani yale ambayo Wareno hawakuyafanya. Huko Shanga, katika visiwa vya Lamu, wanaakiolojia wamechimbua misikiti ambayo ya mwanzo kabisa ni ya karne ya nane. Dini iliingia kwa biashara na ndoa, si kwa jeshi, na kwa muda wa vizazi vingi ikapata maulamaa waliozaliwa hapa hapa. Isitoshe, iliingia katika ushairi. Utendi wa Tambuka, ambao muswada wake wa kale ni wa mwaka 1728, ulisimulia vita vya mbali vya Waislamu na Warumi kwa Kiswahili na kwa hati za Kiarabu. Quran iliendelea kusomwa kwa Kiarabu, lakini mafunzo yake yaliimbwa kwa lugha ya mama. Neno chuo, ambalo kwa asili lilimaanisha kitabu, likaja kumaanisha mahali pa kusomea, na aliyebobea akaitwa mwanachuoni. Dini iliyopata jina la Kibantu la mtaalamu wake ilikuwa imekwisha kuacha ugeni.

Ukristo ulirudi kwa njia hiyo hiyo ya lugha. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huo huo alimzika mkewe na mtoto wao mchanga, na mwaka huo huo akaanza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann walianzisha kituo cha Rabai. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, baada ya kifo chake. Hata hivyo mavuno ya kwanza yalikuwa haba mno. Wazee wa Rabai waliwapokea wageni kwa heshima, lakini hawakuiacha kaya. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mlemavu aliyekuwa karibu na kufa, mwaka 1851.

Kisa cha Mringe kinaonyesha mlango ambao dini mpya ilipitia. Waliovutwa kwanza hawakuwa wenye hadhi katika kaya, bali wale ambao kaya haikuwa na nafasi nzuri kwao. Katika miaka ya 1860 Malindi ilifufuliwa chini ya himaya ya Sultani wa Zanzibar kwa mashamba makubwa ya nafaka yaliyolimwa na watumwa. Watumwa hao walikuwa wameng'olewa katika ardhi, ukoo na makaburi ya wazee wao. Dini ya mahali haikuweza kuwafaa, maana mahali pao palikuwa mamia ya maili bara. Wengi walisilimu miongoni mwa mabwana zao. Wengine walitorokea vituo vya misheni, hasa Rabai, hata mwanzoni mwa mwaka 1889 zaidi ya elfu moja wakapewa hati za uhuru baada ya mabwana zao kulipwa fidia.

Wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa. Historia ya Rabai inaigeuza methali hiyo: mtumwa, aliyekwisha kunyang'anywa mila, ndiye aliyekuwa wa kwanza kutafuta jamaa isiyouliza ukoo. Shahada na ubatizo vilimpa jina, ndugu na mahali pa kuzikwa. Miongoni mwa walimu wa misheni walikuwamo Waafrika waliokombolewa utumwani na kusomeshwa India. Wawili wao, William Jones na Ishmael Semler, waliwekewa mikono kuwa mashemasi mwaka 1885. Padri wa Kireno hakuwahi kuwa na warithi wa namna hii. Baadaye shule na hospitali za misheni, kama zile za Kaloleni, ziliongeza sababu nyingine: aliyetaka kusoma na kupata kazi ya karani aliipitia njia iliyoanzia kanisani.

Mlango wa pepo

Haifai, hata hivyo, kudhani kwamba mlango wa dini za kitabu ulikuwa wazi sawasawa kwa wote. Wadigo wengi waliingia katika Uislamu kufikia mwanzo wa karne ya 20, ilhali Wagiriama wengi, waliofanya biashara na Waswahili wa Malindi na Mambrui kwa muda mrefu, hawakuingia. Janet McIntosh, katika utafiti wake wa Malindi uliochapishwa mwaka 2009, anaonyesha kwamba mjini humo Uislamu umefungamanishwa mno na kuwa Mswahili au Mwarabu, hata Mgiriama anayesilimu hujikuta akitazamwa kuwa hajatimia. Mafundisho huufungua mlango, desturi ya mtaa huurudisha nusu.

Wapo walioingia kwa njia ya pembeni. David Parkin, katika kitabu chake cha mwaka 1972, aliwaeleza Wagiriama waliosemekana kupagawa na pepo wa Kiislamu. Pepo hao walikataa tembo la mnazi na nyama isiyochinjwa kwa sheria, nao waliopagawa walilazimika kuishi kama Waislamu ili wapone. Parkin aligundua kwamba baadhi yao walikuwa wakulima waliokuwa wakijikusanyia minazi na mashamba. Kwa kuwa kunywa pamoja kulikuwa wajibu wa ujirani na wenye gharama, pepo alimpa mtu udhuru wa kujitenga bila kulaumiwa kwa ubahili. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba dini mpya iliingia kwa kutumia tiba na mantiki ya dini ya zamani. Mganga ndiye aliyemtambua pepo. Pepo ndiye aliyempeleka mtu msikitini.

Ushahidi wa lugha

Mwanafunzi wa Kiswahili ana kumbukumbu ambayo mwanahistoria huisahau, nayo ni msamiati. Mulungu alipodondosha sauti moja akawa Muungu, umbo linalopatikana katika tenzi za kale, kisha Mungu. Mwenyezi ni mwenye, la Kibantu, na enzi, lenye asili ya Kiarabu. Jina tukufu kuliko yote katika Kiswahili ni ndoa ya lugha mbili.

Msamiati wa ibada umegawanyika kwa mpango unaoeleweka. Yahusuyo mafundisho na taratibu za dini mpya aghalabu yana asili ya Kiarabu: dini, imani, sala, dhambi, toba, sadaka, nabii, malaika. Wakristo waliyatwaa hayo hayo, wakaongeza Injili na msalaba yenye asili ile ile. Lakini penye hisia na hatima ya mwanadamu, Kibantu kimeshika: mtume hutokana na kutuma, mwokozi na kuokoa, ufufuo na kufufua, mwezi wa Ramadhani watu hufunga, wema huenda peponi, neno lililojengwa juu ya pepo, na wafu huenda kuzimu, mahali pa mizimu. Mwislamu na Mkristo huitarajia pepo iliyopewa jina kabla dini zao hazijafika.

Kalenda nayo ina ushahidi wake. Wagiriama walikuwa na juma la siku nne, Jumwa ikiwa siku ya mapumziko. Juma la siku saba lililipiku kwa sababu mahakama, shule na mshahara vilihesabiwa kwalo. Lakini hata hapo mshindi mmoja ameazima kwa mwingine: Jumapili ni siku ya pili katika hesabu inayoanza baada ya Ijumaa. Mkristo wa Kilifi aendapo kanisani, huitaja siku yake kwa hesabu ya msikiti.

Upo upande wa uchungu pia. Kiswahili hicho hicho kiliwaita Mijikenda Wanyika, watu wa porini, mpaka jina Mijikenda liliposhika katika miaka ya 1940. Kiliwaita makafiri na washenzi. Neno ushirikina, ambalo katika mafundisho ya Kiislamu ni kumshirikisha Mungu, leo hutumiwa magazetini kwa uganga, uchawi na tambiko bila kutofautisha. Athari zake si za kamusi tu. Katika kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine wakilazimika kukimbilia hifadhi. Mvi, ambazo katika kaya zilikuwa sifa ya kustahili kuomba kwa niaba ya wote, zimegeuka kwa baadhi ya watu kuwa sababu ya kushukiwa.

Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba dini za Ibrahimu zilidumu katika pwani ya Malindi na Kilifi kwa sababu zilibebeka, zilimpokea asiye na ukoo, zilifundishwa kwa lugha ya watu na na watu wenyewe, na ziliambatana na biashara, shule na serikali kwa nyakati mbalimbali. Pale zilipokosa lugha na walimu wa mahali, kama kwa Wareno, hazikudumu. Zilipodumu, zilifanya hivyo kwa kuyachukua majina, tiba na hofu za dini iliyotangulia.

Mwaka 2008 misitu ya kaya takatifu za Mijikenda iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mwaka 2009 mila zake zikawekwa katika orodha ya zile zinazohitaji kulindwa haraka. Mwaka 2024 Gedi nayo ikaingizwa katika urithi wa dunia. Kwa mgeni mwenye kamera, mahali hapa pawili pamelingana. Havilingani. Gedi haina mwenye kuswali, na Uislamu haukupungukiwa kitu, kwani adhana husikika Malindi na Watamu. Kaya ikikosa wa kutambika, hakuna pengine pa kutambikia. Mwaka 2007 familia moja ya Kilifi ilirudishiwa vigango viwili vilivyoibwa mwaka 1985 na kupelekwa Marekani; kwa zaidi ya miaka 20 koma wao hawakuwa na kikao, na hapakuwa na nakala ya kununua.

Ndiyo maana kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili haikomei katika kueleza ni nani aliyeshinda. Maneno fingo, moro, koma na kigango hayana budi kuandikwa na kufafanuliwa kwa maana wanazozitumia wenyewe, si kwa maana walizopewa na waliowashinda, na yafanyike hayo wakati wazee wanaozijua maana hizo wangali hai. Dini ambayo haikuandika kitabu itahukumiwa kwa vitabu vitakavyoandikwa na wengine.